Mpira wa Kuacha

Makame alikuwa na miaka ishirini, na tangu aanze besiboli hajawahi kuona mpira akauacha. Mji mzima ulijua kwamba akiupata sawasawa, unavuka paa la shule. Mji mzima ulijua pia kwamba hupiga hata usiofaa kupigwa, na mara nyingi hupiga hewa.

Ndiyo maana mgeni kutoka timu kubwa alikuwa ameketi pale mbele na miwani yake myeusi. "Nguvu zake nimezisikia," alimwambia kocha. "Nimekuja kuona kama anajua kuacha."

Mipira mitatu mibovu ilipita. Makame akaiacha yote, rungu begani, jasho likimtiririka kana kwamba amebeba gunia la simenti. Kwa sheria ya mchezo, kama angeuacha na wa nne mbovu, angepewa kituo cha kwanza bure, na huenda na safari ya kuondoka na mgeni.

"Kaka, leo umefunga?" alinong'ona Shomvi, mdakaji wa wapinzani, aliyechuchumaa nyuma yake. "Futari bado sana."

"Nyamaza, Shomvi."

"Watu wamekuja kukutazama umesimama kama mlingoti? Mama yako mwenyewe anapiga miayo."

Makame akageuka. Kweli, mama alikuwa anapiga miayo.

Mrushaji akainua mguu. Mpira ukaja juu, usawa wa masikio, mbovu kiasi kwamba hata muuza karanga aliuona. Ukaja taratibu, mweupe, umenona.

Mgeni akavua miwani.

Kisigino cha Makame kilikuwa kimeshanyanyuka, na rungu limeshatoka begani.