Goti la Zawena

Kwa kanuni ya ligi, goti la mkongwe likichoka, klabu humpa la chipukizi. Jumatatu walimkata dada yangu Zawena goti la kulia. Jumapili mkongwe aliyepewa alikuja kushukuru, kama ilivyo desturi, na Mama akampikia pilau.

Sikitu, mfungaji wa mabao mia tatu, alinyoosha mguu mkekani. Kwenye goti niliona kovu la Zawena, alilolipata alipoungua kwa jiko la mkaa akiwa na miaka minne. Chumbani Zawena alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi, bandeji zikivuja damu.

"Zawena wangemsubiri akomae miaka mitano," Sikitu alisema. "Kombe tunalitaka mwaka huu. Ila la kushoto nalo linaniuma." Akanitazama. "Huyu mdogo anacheza?"

"Huyu? Mpira anaukimbia!" Mama akacheka. "Ongeza nyama, dada."

Tulimsindikiza hadi njiani. Tuliporudi, Mama alifunga mlango, akachukua mchi wa kinu, akanipa pindo la kanga yake.

"Uma, mwanangu. Kesho watu wa klabu watakuja kukupima goti."

"La kushoto, Mama?"

"Yote mawili," akasema, machozi yakimtoka.