Mche Uliobaki Kijani

Mtaalamu wa pamba alifika kwa Milembe siku tatu baada ya shamba kuchomwa. Aliutaka mche mmoja uliobaki kijani wakati mingine yote ilinyauka.

"Katika kitawi alichonipa mumeo tulikuta vijidudu visivyoonekana kwa macho, mama. Huenda ndivyo vilivyoukinga. Kwenye miche iliyougua havimo."

"Kabla hajafariki alinikataza kuung'oa," Milembe alisema. "Alisema una kitu ndani. Nikamcheka. Tulipomzika nikauchoma pamoja na mingine."

"Hata mbegu haikubaki?"

Milembe alitazama uani. Asubuhi ya msiba aliichambua pamba ya mche ule ili kumziba marehemu puani. Mbegu alizitupa pale, waombolezaji wakazikanyaga.

Akapiga magoti, akaanza kuchambua vumbi kwa vidole.