Kamera ya Dokta Mukendi

Stany aliingia chumba cha upasuaji na viatu vyake vya matope, akauliza kama huyo mtu atakufa au atasafiri.

Mtu mwenyewe, Muamba, fundi umeme wa mgodini, alikuwa amelala mezani kichwa kikiwa kimefungwa bendeji, damu imemchuruzika hadi kwenye shati. Mkewe Kapinga alisema amepigwa mawe kule Dilala. Mwaka huo wa tisini na tatu watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, na vijana waliowafukuza, wakiongozwa na Stany, walipita hospitalini kila asubuhi kukusanya abiria. Wagonjwa walipanda treni ya kwenda Kasai. Waliovunjika miguu walipanda. Alibaki yule tu anayepumua kwa mashine, maana kwenye mabehewa hakukuwa na umeme. Vijana wenye utaratibu, jamani.

"Nitamutia mupira kooni," alisema Henriette, muuguzi wa dawa ya usingizi. "Hawezi kupumua mwenyewe."

"Tumia ile kamera." Stany alionyesha televisheni pembeni. "Batu bote tuone. Mi nasikia inaona kuliko jicho."

"Inaona vizuri, ndiyo. Lakini damu ikigusa kioo, utaona bwekundu tu. Na mwenye kuijua ni dokta Mukendi."

"Huyo dokta iko wapi?"

"Mulimupandisha treni juzi, tata."

Stany aliipa televisheni mgongo.

"Basi, tumia jicho."

Henriette alichoma sindano ya usingizi. Akaingiza kile chuma chenye taa mdomoni, akauinua ulimi, akainama kuchungulia. Angekosea njia, Muamba angefia palepale mikononi mwake, na jambo hilo lilimtisha sana. Mpira ukapita. Mashine ikaanza kusukuma hewa, kifua kikapanda na kushuka.

Stany alikigusa kifua kwa kidole, akaridhika. Akaona hata huruma.

"Huyu hafiki jioni," alimwambia Kapinga. "Pole, mama. Lakini weye uko muzima. Kesho tutakuja kukukamata, utasafiri."

Kapinga aliitikia kwa kichwa.

Treni ya siku hiyo ilipoondoka, Henriette alifunga mlango kwa ufunguo, akamwacha Muamba azinduke, kisha akachomoa mpira. Muamba alikohoa, akaketi, akavua bendeji, chini yake hakuna jeraha, akashuka mezani kwa miguu yake mwenyewe. Kapinga akavua viatu, akapanda yeye mezani, akalala chali.