Mbuni Aliyemeza Mkufu

Zamani Nungunungu alikuwa fundi wa shanga, na mawe aliyatoboa kwa mwiba wake mwenyewe. Siku moja akatunga mkufu wa mawe ya manjano yanayong'aa.

Mbuni, ambaye alipenda sana kutazamwa, akauliza, "Hii dhahabu?"

"Si dhahabu, bwana. Ni mawe tu, ukiyagonga yanatoa cheche."

"Unanificha. Dhahabu hujaribiwa kwa kuumwa." Na kwa kuwa hakuwa na meno, akaumeza mkufu mzima. "Tumbo langu litaamua."

Tumboni mwa Mbuni mna mawe ya kusagia chakula. Yalipoanza kazi, moshi ukamtoka mdomoni, kisha cheche zikafuata.

"Umeona?" akasema huku akikohoa. "Ninang'aa mpaka ndani."

Asubuhi akakuta foleni ndefu mlangoni, wanyama wa kijiji kizima. Mbuni akanyoosha shingo ili wamtazame vizuri.

"Karibuni ndani, msisukumane."

"Hatukai, jirani," akasema Ngiri aliyetangulia, akimsogezea ukuni mdomoni. "Tumekuja kuomba moto. Hebu kohoa kidogo, maharage yanangoja."