Siagi Kwenye Bomba

Wanawake wa kijiji kile cha mlimani walichimba mtaro na kuyavuta maji ya bomba wenyewe, kisha wakamwomba Gonpo, mgane, apake siagi mdomoni mwa bomba, kama kila kitu kipya kinavyobarikiwa kwao. Alikuja na kipipa cha mbao alichobebea maji marehemu mkewe, Tseyang. Tangu afiwe, Gonpo alikuwa ameapa hakitajazwa tena mpaka bomba lifike.

"Wakubwa walituahidi bomba yeye akiwa hai," alinung'unika. "Wakaleta kibao cha mradi tu."

Kwa hasira akabandika tonge zima la siagi.

Lhazom, aliyewaongoza wachimbaji, akafungua bomba. Halikutoa hata tone.

"Si niliwaambia?" Gonpo akasema. "Wakubwa washatia mkono."

Lhazom akachungulia. "Baba, humu hamna mkubwa. Ni siagi yako imeganda."

Wanawake wakacheka hadi wakaegemeana. Gonpo, masikio yamemwiva, akalimwagia bomba chai yake ya moto. Likakohoa, likatema donge, maji yakaja kwa kishindo.

"Haya, Baba, tega."

Akatega kipipa cha Tseyang. Kikajaa, kikafurika mpaka kwenye viatu vyake, vitone vya siagi vikielea na kumetameta, naye hakukiondoa.