Majina Sita ya Mwisho

Siku hizi kila barua pepe hubeba kichwani majina ya wote waliomlea mwandishi. Kazi yangu ni kupima kama programu inahimili vichwa virefu mno, nami hupima kwa changu mwenyewe. Kimaro, bosi wangu, alikiona akacheka.

"Kumbe ulilelewa na mtaa mzima?"

Nikafuta majina sita ya mwisho.

Jana Mama Mkubwa Mwanahawa, aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe, alinipigia simu. "Mwanangu, kwenye barua yako sijaliona jina langu."

"Programu ndiyo inakata majina, Mama."

"Basi itengeneze, mwanangu. Wengine watadhani wamekataliwa."

Nikasema nitaitengeneza, nikaona haya hata kumtazama binti yangu mdogo niliyempakata mapajani. Programu yetu haijawahi kukata jina la mtu.