Punda wa Kanisani

Jumapili aliyofariki Abshir, kinanda cha kanisani hakikulia.

Naimo, mkewe, aliligundua hilo katikati ya kilio, wanawake wakiwa wamejaa chumbani na maiti ikioshwa nje. Saa tatu ilifika, saa nne ikapita, na upande wa pili wa ua wa mabati, kanisani, kukawa kimya. Kisha simu ya marehemu ikaita juu ya kabati. Kwenye kioo kulikuwa na jina moja, kama alivyoliandika mwenyewe: BADRI.

Fosia, jirani yake, ndiye aliyelisoma. "Abaayo, dada yangu, Badri ni nani?"

"Sijui."

"Mwanamume au mwanamke?"

Naimo aliikata simu, akaisukuma chini ya mto na kuendelea kulia. Lakini sasa alikuwa analilia mambo mawili.

Abshir na kile kinanda walikuwa maadui wa siku nyingi. Wamisionari walikileta Garissa kwa lori enzi za babake, mabomba yake marefu yamefungwa kwenye masanduku kama mizinga ya vita. Lori likazama kwenye matope, na ngamia wa babake Abshir ndio waliolivuta.

"Balaa hili tumejiletea wenyewe, kwa ngamia wetu," Abshir alizoea kusema.

Joto likapasua mbao, panya wakatafuna ngozi za mvukuto, na mwishowe mota ya kukisukumia hewa ikaungua. Tangu hapo ilibidi mtu asimame nyuma ya mabomba, apandishe na kushusha mkono wa mvukuto misa nzima, la sivyo hakitoi hata mluzi. Wanakwaya waliikimbia kazi hiyo. Walisema ni toharani kabla ya kufa.

Hata hivyo, kila Jumapili kililia, na kililia vibaya. Sauti za juu zilipiga yowe, za chini zilikohoa.

"Huyo ni bunda!" Abshir alipaza sauti juu ya mabati waumini wakitawanyika, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, ili wamsikie vizuri. "Mbelekeni kwa daktari wa mifugo! Bunda anaumwa tumbo!"

Wao walicheka tu, naye akazidi kufoka. Ndiyo maana alikuwa na desturi yake. Kila Jumapili aliondoka nyumbani kabla punda hajaanza kulia, akarudi akishanyamaza. Alisema anakwenda mtoni kupumzisha masikio. Alirudi shati limelowa jasho chapachapa, akaketi mkekani na kumgeuzia Naimo mgongo ampake mafuta ya simsim mabegani.

"Kutembea gani huko kunakochosha mabega?" Naimo aliwahi kumuuliza.

"Ni uzee," alijibu, kisha akacheka peke yake.

Sasa Naimo alikuwa ndani ya eda, hatoki nje, na alikuwa na muda wa kutosha wa kuyaunganisha mambo. Lile jasho. Yale mabega. Kile kicheko. Na ile simu ya kila Jumamosi jioni, ambayo Abshir alitoka nayo uani akinong'ona kama mwizi.

"Habaswein kuna Badriya mmoja," Fosia alileta habari, "muuza maziwa ya ngamia. Nasikia siku hizi amehamia hapa mjini. Mweupe, mnene."

"Nyamaza, Fosia."

"Nimenyamaza." Akanywa chai kidogo. "Lakini ni mnene, wallahi."

"Kama ni mke mwenzangu, naye si yuko eda? Mbona anampigia maiti simu?"

"Anakutafuta wewe, abaayo. Mlie pamoja."

Badri alipiga tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Naimo hakupokea. Hakutaka kugombana na mtu. Alitaka kujua jambo moja tu: kama yule mume anayemlilia alikuwa wake peke yake. Na jambo hilo hakuthubutu kuliuliza akiwa bado na nguo za msiba mwilini.

Kinanda nacho kilibaki kimya. Wanaume wa mtaani walisema Abshir amekufa mshindi. Walisimulia pia kwamba padri alikuja kwenye turubai kutoa pole, akalia mpaka akawaaibisha wenye msiba. Naimo alifarijika kidogo. Angalau hata adui yake alimheshimu.

Asubuhi ya Jumapili, eda ilipokwisha, Naimo alioga, akavaa gauni lake la dirac la rangi, akaitoa simu chini ya mto. Fosia alikuja kuwa shahidi. Hakuwa ameitwa.

"Mtukane na kwa niaba yangu," alisema.

Naimo alilibonyeza lile jina.

Upande wa pili wa mabati, ndani ya kanisa, simu ikaanza kuita.

Wanawake wale wawili wakatazamana.

"Kumbe Badriya amebatizwa!" Fosia alinong'ona.

Simu ikapokewa.

"Badri?" Naimo aliuliza.

"Ndiyo, mama, ni Padri hapa," ilisema sauti ya mzee wa kiume, kwa Kiswahili cha watu wa bara. "Nimekutafuta sana nikuombe radhi. Mzee alituapisha sote tusikwambie. Viatu vyake bado viko huku nyuma ya mabomba."

Siku hizi, kila Jumapili, Naimo huondoka nyumbani kabla punda hajaanza kulia na kurudi akishanyamaza, kisha huketi mkekani na kumgeuzia Fosia mgongo ampake mafuta ya simsim mabegani.